Ukitaka kujua watu wanavyoliona pengo la kipato, usianze kwa kuwauliza kuhusu matabaka

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliipa Tanzania Bara kipimo cha Gini cha 0.38. Ule wa 2011/12 ulikuwa umetoa 0.34. Kipimo hiki huanzia 0, ambapo wote wako sawa, na kuishia 1, ambapo mmoja kachukua vyote. Afrika Kusini, kwa takwimu za 2014, iko 0.63. Anayezisoma namba hizo ofisini ataona pengo letu ni la wastani. Dada anayelala Tandale na kufanya kazi za ndani Masaki atakuuliza namba hiyo ni ya nchi gani. Wote wawili wana sababu zao, na tafiti nyingi za maoni huharibika kwa kuwa waandaaji wamemwamini mmoja tu.

Tuanze na namba. Gini yetu inatokana na matumizi, haitokani na mali. Kaya inaandika ilichonunua na ilichokula, mazao ya shamba la nyumbani yanapewa bei, ada na nauli na dawa vinaongezwa, kisha jumla inagawanywa kwa watu wa kaya kulingana na umri na jinsia, maana mtoto wa miaka minne hali sawa na baba yake. Viwanja vitatu vya Kigamboni vilivyokaa bila kujengwa havimo. Shamba la ekari 200 lililozungushiwa waya likisubiri bei ipande halimo. Hisa hazimo, wala fedha zilizolala benki. Mwenye nazo hawezi kula ugali mara mia zaidi ya asiye nazo, kwa hiyo ukipima matumizi peke yake, pengo litaonekana dogo kuliko lilivyo kwenye ardhi na majengo. Na mpita njia haoni matumizi ya mtu. Anaona ukuta, geti, gari na ghorofa.

Halafu kuna suala la nani anafungua mlango. Katika sampuli ya watu 2,400, asilimia 1 ya juu kabisa ni watu 24, na sehemu ya elfu moja ya juu ni wawili au watatu. Hao wachache ndio wagumu kupatikana. Mdadisi akifika kwenye nyumba ya Uswahilini anakaribishwa kiti, anapewa na maji. Akifika Oysterbay anazungumza na mlinzi kupitia tundu la geti. Mlinzi anasema bosi kasafiri. Mdadisi anarudi kesho, anaambiwa bosi yuko kwenye kikao. Siku ya tatu, kama msimamizi wake ni mzembe, anamhoji dada wa kazi au mlinzi mwenyewe na kuandika kwamba kaya ya Oysterbay imehojiwa. Kama msimamizi ni makini, kaya inabadilishwa na nyingine ya eneo lilelile, ambayo mara nyingi ni ya mpangaji wa chumba cha nyuma. Kwa vyovyote vile, juu kabisa pamekatika. Dawa yake ni barua ya utambulisho iliyofikishwa siku kadhaa kabla, miadi ya simu, mahojiano ya usiku au Jumapili mchana, na mdadisi mwenye umri mkubwa kidogo kuliko vijana tunaowatuma kila mahali. Hata hivyo utakosa wengi, na idadi ya waliokataa iandikwe kwa kila eneo peke yake, isifichwe kwenye wastani wa jumla.

Upande wa chini nako kuna mkanganyiko wake. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi katika utafiti huo wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Igawe kwa siku 30, unapata shilingi 1,644. Walioangukia chini ya hapo walikuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara. Vijijini asilimia 31.3, mijini 15.8. Mtu anayetumia shilingi 1,700 kwa siku yuko juu ya mstari, kitakwimu si maskini, na hakuna jirani yake yeyote atakayekubaliana na hilo. Ndiyo maana ukimuuliza mwananchi "kati ya watu kumi wa hapa, wangapi ni maskini?" atakutajia sita au saba, na haimaanishi kwamba hajui hesabu. Mstari wake ni mwingine. Wake unahusu kama mtu anaweza kulaza mgonjwa hospitali bila kuuza kitu.

Hapa ndipo maoni yanapokuwa na uzito wake. Vladimir Gimpelson na Daniel Treisman walilinganisha majibu ya watu wa nchi nyingi na takwimu halisi, wakakuta kwamba wengi hawajui ukubwa wa pengo la nchi yao wala nafasi yao ndani yake. Wakakuta pia kwamba madai ya watu kutaka serikali ipunguze pengo yanafuata pengo wanaloliona wao, hayafuati lile la kwenye takwimu. Kwa anayepanga kodi au bima ya afya, kinachowasukuma watu ni hicho wanachokiona, kwa hiyo kinastahili kupimwa kwa umakini uleule unaopewa matumizi ya kaya.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni kwamba karibu kila mtu ni "wa kawaida". Mwenye duka la jumla Kariakoo atakwambia yeye maisha yake ya kawaida tu, maana anajilinganisha na anayeagiza makontena. Mwalimu wa shule ya msingi atakwambia kawaida. Mama anayekaanga mihogo atasema "tunamshukuru Mungu, kawaida". Adabu imo humo, na kumcha Mungu kumo, na hofu ya kijicho pia, lakini sababu kubwa ni kwamba kila mtu anapima kwa walio karibu naye. Guillermo Cruces na wenzake walilionyesha hili vizuri Buenos Aires, katika utafiti uliochapishwa 2013: walio chini walijiweka juu kuliko walipo, walio juu wakajishusha, na kilichowapotosha ni majirani na marafiki wanaoishi nao. Wale waliokuwa wamejiweka juu kuliko walipo, walipoonyeshwa nafasi yao ya kweli, waliunga mkono zaidi msaada kwa maskini.

Kwa Dar es Salaam kujilinganisha huku kumejengwa ndani ya ramani. Mgawanyo wa kanda za ujenzi ulioanza wakati wa Mjerumani na kuendelezwa na Mwingereza uliacha Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ingawa sheria zake zilikufa, upana wa barabara na ukubwa wa viwanja umebaki. Mtu anaweza kukulia Manzese, akasoma Manzese, akaoa Manzese, asiingie ndani ya nyumba ya Masaki isipokuwa kwa kazi. Kwa hiyo swali la "uko wapi katika nchi" linamtaka akisie kitu ambacho hajawahi kukiona.

Njia inayosaidia ni ngazi, ila ichorwe vizuri na iulizwe kwa mpangilio. Chora kwenye karatasi ngumu ngazi yenye vipandio kumi. Usiandike maneno "tajiri" na "maskini" juu na chini, kwa sababu "tajiri" mtaani ni mwenye gari au mwenye duka unayemfanyia kazi: dereva wa daladala anapeleka hesabu kwa tajiri, na huyo tajiri huenda ana Coaster moja ya mkopo. Sema hivi: "Kipandio cha juu kabisa wapo wenye maisha mazuri kuliko wote, cha chini wapo wenye maisha magumu kuliko wote." Kisha uliza mara nne, kwa mfuatano huu: kaya yako iko wapi katika mtaa huu, iko wapi katika Tanzania nzima, miaka mitano iliyopita ilikuwa wapi, na watoto wako wakifika umri wako watakuwa wapi. Ukianza na nchi nzima, mtu atapaparika na kushika kipandio cha tano, halafu atakirudia kwenye maswali yote. Ukianza na mtaa, ana majina kichwani, anafikiri. Usimsomee namba; mpe kokoto au punje ya hindi aiweke mwenyewe.

Wakati wa kuchambua, tazama tofauti kati ya kipandio cha mtaa na kile cha nchi kwa mtu mmoja mmoja. Wanaojiona juu mtaani na chini kitaifa ndio wanaoiona migawanyiko kwa ukali zaidi, na mara nyingi ni watu waliosafiri: makondakta wa mabasi ya mikoani, wauza mitumba, wastaafu wa serikali, vijana waliorudi kutoka chuo bila ajira. Wastani wa ngazi nzima hautakwambia chochote kuhusu hao.

Ukihitaji picha ya jamii nzima badala ya nafasi ya mtu, michoro mitano inayotumiwa na ISSP, mtandao wa tafiti za kijamii uliouliza kuhusu pengo hili mwaka 1987, 1992, 1999, 2009 na 2019, inafaa. Mchoro wa kwanza una wachache juu, karibu hakuna katikati, na wengi chini. Wa pili ni piramidi. Wa tatu ni piramidi ambayo chini yake kabisa kuna wachache. Wa nne wengi wako katikati. Wa tano wengi wako karibu na juu. Unauliza nchi iko kama upi, na ingepaswa kuwa kama upi. Vijijini michoro hii inahitaji maelezo marefu kidogo, na watu wasiozoea kusoma chati huchagua lile umbo linalowapendeza macho. Mahali pa namna hiyo tumia maharage ishirini: mpe ayagawe kwenye visahani vitano, kisahani kwa kila kiwango cha maisha. Inachukua dakika tatu, na baadaye kila harage ni asilimia tano.

Kuhusu hali yenyewe ya maisha, achana na swali la kipato kwa mwezi. Anayeishi kwa vibarua hana mwezi, mfugaji hana mwezi, na mwenye mshahara atakutajia unaobaki baada ya makato ya mkopo. Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, ambao kwa Tanzania umefanya kazi na taasisi ya utafiti ya REPOA, una njia nyepesi na imara. Unauliza: katika miezi kumi na miwili iliyopita, ni mara ngapi wewe au mtu wa kaya yako mmekosa chakula cha kutosha, maji safi ya kutosha, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na fedha taslimu? Majibu ni matano, kutoka "haijatokea" hadi "kila wakati", yanapewa 0 hadi 4. Chukua kaya iliyojibu chakula 1, maji 3, dawa 2, nishati 1, fedha 4. Jumla ni 11, gawa kwa tano, unapata 2.2. Uzuri wake ni kwamba mtu hafichi sana kukosa maji, na haoni fahari kukosa mkaa. Na ukiziweka alama hizi kando ya kipandio alichochagua, unamwona waziwazi anayejiita wa kawaida huku alama yake ni 2.2.

Mali za nyumbani zinasaidia pia, lakini orodha zake zinachakaa haraka. Simu haitenganishi tena watu. Bati vijijini limeshuka thamani kama alama, kwa kuwa wengi wamepata. Paneli ya sola kijiji kisicho na umeme ni dalili ya uwezo mdogo uliopo; kwenye mtaa wenye umeme wa gridi ina maana nyingine kabisa. Pikipiki ndiyo mtego mkubwa, maana kijana anayeiendesha kwa mkataba analeta hesabu kila jioni kwa mwenye nayo, na dodoso linamwandikia chombo cha moto. Uliza "ni ya nani?" kabla ya kuweka vema. Kinachotenganisha watu mijini kwa sasa ni shule ya mtoto, yaani ya kulipia yenye basi la njano au ya Kayumba. Mahali wanapokwenda wakiugua. Kama maji yanatoka bombani ndani au yanabebwa kwa ndoo. Na kama chakula hupikwa kwa gesi kila siku au mtungi upo tu kwa ajili ya chai ya asubuhi. Tangu elimu bila ada ianze 2016, shule imekuwa mstari mkali kuliko zamani, kwa sababu wenye uwezo wengi wameondoa watoto kwenye madarasa yaliyofurika, na watoto wa pande mbili hawakai tena dawati moja.

Njia ninayoiamini kuliko zote kwa vijijini ni kupanga kaya kwa kadi. Ilienezwa na Barbara Grandin, aliyefanya kazi miongoni mwa wafugaji wa Kimaasai nchini Kenya miaka ya 1980, na hadi leo hakuna dodoso linalofikia kina chake. Fanya kwa kitongoji, usifanye kwa kijiji kizima, maana mtoa taarifa lazima azijue kaya zote. Kaya 50 hadi 100 zinatosha. Pata orodha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha uihakiki kwa kutembea, kwa sababu orodha yake itakosa wapangaji, wahamiaji wa msimu na wajane waliohamia kwa watoto wao. Kila kaya iandikiwe kadi yake: namba, jina la mkuu wa kaya, na jina analoitwa mtaani. Bila lile la mtaani utapoteza muda, maana mtu aliyeandikwa kwa majina yake matatu ya kitambulisho watu wanamfahamu kama Baba Sikujua.

Tafuta watoa taarifa wasiopungua watatu, mmoja mmoja, mahali pasipo na watu. Wasiwe viongozi wote. Awepo mwanamke mtu mzima, awepo mzee, awepo mtu ambaye kazi yake inampeleka nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Muuza duka anajua madeni ya kila mtu, ila ana masilahi, basi awe wa ziada. Kwanza mwombe aeleze kwa maneno yake nini kinamfanya mtu wa hapa aonekane anajiweza. Mpe dakika kumi, uandike hayo maneno kama yalivyo. Kisha msomee kadi moja moja, naye aziweke mafungu kadiri anavyoona, mafungu matatu, manne au matano, yeye ndiye anayeamua. Fungu likizidi kama asilimia 40 ya kadi zote, mwombe aliangalie tena kama linagawanyika. Usimuulize kwa nini kaya fulani iko hapo. Muulize watu wa fungu hili wanatofautianaje na wa fungu lile. Hapo atazungumza kwa uhuru bila kumsengenya mtu. Kwa kadi 60 tenga saa moja hadi saa moja na nusu.

Hesabu yake ni nyepesi. Fungu la wanaojiweza zaidi ni la 1. Gawa namba ya fungu kwa idadi ya mafungu, zidisha kwa 100. Tuseme kadi namba 17 mtoa taarifa wa kwanza aliiweka fungu la 2 kati ya 4, ni 50. Wa pili fungu la 3 kati ya 5, ni 60. Wa tatu fungu la 3 kati ya 4, ni 75. Wastani ni 61.7. Panga kaya zote kwa wastani huo, ukate makundi pale penye nafasi kubwa kati ya alama moja na inayofuata, badala ya kukata kila baada ya kaya kumi na tano ili pawe nadhifu. Alama za kaya moja zikiachana sana kati ya watoa taarifa, usizifiche ndani ya wastani, rudi ukaulize. Mara nyingi utakuta jambo la maana: mjane ambaye kijana wake wa Mwanza anamtumia fedha kwa simu na ni mwanamke mmoja tu anayejua, au mfugaji wa nyumba ya nyasi mwenye ng'ombe themanini, au kaya ya mitala ambayo mmoja ameipima kwa mke mkubwa na mwingine kwa mke mdogo. Kwa hiyo kila mke mwenye jiko lake apewe kadi yake. Na kadi ya mtoa taarifa mwenyewe alama yake isihesabiwe, kwani ataiweka katikati.

Mambo mawili yameniaminisha kwamba kupima huku kunapotoka mara tu kunapofungwa na mgao. La kwanza ni la kwetu. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ilichagua walengwa kwa hatua: kwanza vijiji na mitaa, kisha jamii yenyewe ikataja kaya maskini, kisha dodoso la kompyuta likakadiria uwezo wa kaya kwa mali na sura ya nyumba, kisha orodha ikarudishwa kwenye mkutano. Zaidi ya kaya milioni 1 ziliingia, na zipo ambazo maisha yao yamebadilika kweli. Lakini mahali pengi manung'uniko yalitokea palepale ambapo jicho la jamii na jicho la dodoso hayakukutana. Jamii inasema bibi huyu hana mtu. Dodoso linaona bati na sakafu ya saruji alivyoachiwa na marehemu. Yaliyo mkutanoni nayo yana walakini: anayepingana na mwenyekiti hasemi, na mgeni hana wa kumtaja.

La pili ni Rwanda. Ubudehe, ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwapanga watu katika makundi sita yenye majina ya Kinyarwanda, kutoka umutindi nyakujya, fukara asiye na kitu kabisa, hadi umukire, tajiri. Kwenye mikutano ya awali wanakijiji walichora ramani yao, wakajadiliana. Makundi yalipounganishwa na mchango wa bima ya afya na ufadhili wa masomo ya chuo, mjadala ukageuka mvutano wa kushushwa. Mwaka 2015 majina, ambayo wengi waliyaona ya kudhalilisha, yaliondolewa zikawekwa namba nne. Mwaka 2020 yakatangazwa makundi mapya, A hadi E. Kwa anayepima maoni, somo la vitendo ni kwamba siku moja kabla ya mahojiano ueleweke wazi kwa mtendaji, kwa mwenyekiti na kwa watu kwamba hakuna mgao unaofuata. Ukifika na gari lenye namba za DFP, yaani la mradi wa wafadhili, umekwisha kuwaambia kinyume. Shuka stendi, panda bodaboda kama wengine.

Sasa sehemu ambayo dodoso nyingi zinairuka, nami naiona ndiyo moyo wa jambo lenyewe: fedha zilipatikanaje. Ukisikiliza mijadala ya Tanzania kwa miaka sitini, hasira haifuati ukubwa wa mali peke yake. Azimio la Arusha la 1967 lilimlenga mnyonyaji, likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba, au kuwa na hisa kwenye kampuni za kibepari. Mwaka 1991, Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Ilipofika 2007 orodha ya watuhumiwa wa ufisadi iliposomwa viwanja vya Mwembe Yanga, Dar es Salaam, na mwaka uliofuata shilingi bilioni 133 zilizochotwa Benki Kuu kupitia EPA, akaunti ya madeni ya nje, zikawa gumzo la kila kijiwe, adui alikuwa fisadi. Mfanyabiashara mkubwa aliyeanza na genge hakuguswa na hasira hiyo, na mtaani alitajwa kwa heshima. Kenya ilionyesha jambo la jamaa yake: kampeni ya 2022 iliwagawa watu kuwa mahasla, yaani wahangaikaji, na wenye majina ya kurithi, lakini Juni 2024, vijana walipoukataa Muswada wa Fedha hadi ukaondolewa, lawama ziliangukia pia saa na viatu vya bei kubwa vya watawala wapya.

Kwa hiyo weka maswali ya njia. "Hapa kwenu, watu waliofanikiwa wengi wao wamefanikiwa kwa njia gani?" Mwache ajibu bila kumsomea orodha, kisha mdadisi aweke alama kwenye majibu yaliyokwisha kuandaliwa: kujituma, biashara, elimu na ajira, urithi au wazazi, kujuana na wakubwa, siasa, wizi na ufisadi, kafara na ushirikina, bahati au majaliwa ya Mungu. Jibu la kafara lisifutwe wala kuwekwa kwenye "mengineyo". Mtu anayeamini kwamba utajiri wa ghafla una damu ndani yake anakueleza kwamba haioni njia ya halali ya kufika pale. Fuatisha na swali hili: "Mtoto wa hapa akifaulu vizuri bila kujuana na mtu yeyote, ana nafasi gani ya kupata kazi nzuri?"

Albert Hirschman aliieleza mwaka 1973 kwa mfano wa foleni ya magari ya njia mbili iliyokwama: njia ya jirani ikianza kusogea unafurahi, unajua zamu yako inakuja, yako ikibaki imekwama muda mrefu, furaha inageuka hasira. Ndiyo maana swali la watoto kwenye ngazi ya vipandio lina thamani kuliko yote manne. Anayejiweka kipandio cha pili na watoto wake cha saba bado ana subira. Anayejiweka cha pili na watoto wake cha pili, hana.

Mengine ni ya utaratibu. Balozi au mwenyekiti akusindikize hadi mlangoni, kisha aondoke. Akibaki, majibu kuhusu viongozi yanalainika. Mume na mke wahojiwe mbalimbali. Ukikata sampuli ya 2,400 ili upate watu 240 wa mkoa mmoja, makosa ya sampuli yanapanda kutoka kama asilimia 2 hadi zaidi ya 6, basi usitangaze kwamba mkoa fulani una manung'uniko zaidi kwa tofauti ya alama nne. Kadi za kaya zichanwe jina baada ya kuingizwa kwa namba, na matokeo yarudishwe kitongojini kwa makundi bila majina. Na msimu uandikwe kwenye ripoti. Januari, wakati wa sare na michango ya shule, watu wanajishusha. Baada ya mavuno wanapanda, hata kama hakuna kilichobadilika isipokuwa ghala. Utafiti unaorudiwa mwaka unaofuata ufanyike mwezi uleule, na kama mvua zimechelewa, usubiri hadi mahindi yavunwe.